Njia Aliyoisikia Mama

Siku mama alipopotea, nilimgombeza kabla hata ya kumwamkia. Naliweka hilo wazi mapema ili anayesoma ajue anasikiliza mtu wa hasira za karibu. Ulikuwa mwezi wa tatu, ufuta umeshachomoza na unadai palizi. Mama alikuwa mtu wa kutoka mara tu baada ya sala ya alfajiri, kabla mlango wowote haujafunguliwa pale kijijini kwetu Likunja, wilayani Ruangwa, nami nilimfuata saa mbili nikitarajia kumkuta keshamaliza mistari miwili mitatu. Shamba lilikuwa tupu. Hapakuwa na mama, hapakuwa na kijembe, na umande ulikuwa haujakanyagwa na mtu.

Nilizunguka nikiita mpaka sauti ikakauka. Nilimpata karibu saa nne kwenye mikorosho ya jirani, upande usio wetu kabisa, amekaa chini ya mti, miguu ameinyoosha, kijembe kiko mapajani. Njia ile amekuwa akiipita tangu mimi sijazaliwa.

"Unafanya nini huku, Mama?"

"Nimepumzika."

"Unapumzika kwenye shamba la watu? Mimi nakutafuta asubuhi yote, ufuta unamezwa na majani, wewe umekaa!"

Aliinuka, akanyoosha mkono hewani mpaka ukagusa bega langu, tukarudi nyumbani hivyo, mimi mbele naendelea kusema, yeye nyuma kimya. Nilidhani amechoka. Mpaka leo nikiyakumbuka maneno niliyoyatema njia nzima, naona haya.

Nilimpigia simu mdogo wangu wa kiume, ambaye ana duka la pembejeo Nachingwea mjini. Aliniamkia vizuri, akasikiliza, halafu akatoa hukumu palepale. "Ni uzee huo, dada. Kumbukumbu inaondoka. Mlete huku apimwe." Ana roho nzuri mdogo wangu, ila tangu awe na duka anaongea na watu wote kama wateja waliokuja kuuliza dawa ya wadudu. Tulikwenda.

Daktari alianza na kichwa. Alimuuliza mama leo siku gani, mwezi gani, ana wajukuu wangapi. Mama akawataja wajukuu mmoja mmoja, na kila mmoja akamtaja na kasoro ya baba yake, mpaka mdogo wangu akaanza kuangalia dari. Daktari alicheka, akasema kichwa cha mama yetu ni kizima kuliko chake. Kisha akainua mkono. "Bibi, hivi ni vidole vingapi?"

"Viwili," mama akasema upesi.

Vilikuwa vinne. Daktari akashusha mkono, akauinua tena na kidole kimoja.

"Vitatu," mama akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Baadaye daktari alimulika, akapima, akatuambia ni presha ya macho. Jicho la kulia halikuwa na kitu. La kushoto lilikuwa linatofautisha mwanga na giza, basi. Ingekuwa mtoto wa jicho angetolewa, lakini kilicholiwa na presha hakirudi. Na tena, akasema, haya si mambo ya mwaka huu. Mama huyu haoni kwa miaka mitatu hivi, labda zaidi.

Miaka mitatu! Mimi naishi naye nyumba moja. Nilirudi kwake baada ya kufiwa na mume wangu, na tangu siku hiyo tunakula sahani moja, tunateka maji kisima kimoja, nguo zetu zinaanikwa kamba moja. Mwanamke yule alikuwa anakwenda shambani peke yake alfajiri na kurudi, kichwani kabeba kuni, anapita katikati ya kijiji anasalimia watu kwa majina. Nani angedhani?

Mdogo wangu aliamua papo hapo kwamba mama atahamia kwake Nachingwea. "Huko atatumbukia kisimani," alisema, na mimi niliyekaa miaka mitatu na kipofu bila kujua nikaitikia. Tulikubaliana arudi Likunja wiki mbili, afunge mizigo, aage watu. Mama alikuwepo tukipanga hayo. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya khanga yake. Njiani kurudi aliniuliza jambo moja tu, kama kwa mdogo wangu kuna mti wowote uani. Nikamwambia uani pamesakafiwa.

Alasiri moja katika zile wiki mbili tulikaa barazani tukichambua majani ya maboga. Vidole vyake vilikuwa vinavua nyuzi za mabua upesi kuliko vyangu vyenye macho. Nikamuuliza, safari hii kwa upole kidogo, alikuwa anafikaje shambani.

"Kwa masikio," akasema. "Ulifikiri kwa kitu gani?"

Akanieleza njia yake, taratibu, kama anavyomwelekeza mgeni. Ukitoka mlangoni, yule ndege shore anayelia kwenye mpera awe sikio la kushoto. Unashuka. Ukianza kusikia kelele za minana, hao ndege wa manjano wanaofuma viota kwenye mkwaju wa karibu na maji, unawaweka bega la kulia na kuendelea mpaka wabaki nyuma. Hapo unakwenda polepole, unasikiliza kwale. Kwale walikuwa wanalia asubuhi kwenye lile pori dogo, shamba la marehemu baba lililopumzishwa miaka mingi. Kwale wakilia usawa wako, hapo ndipo njia inapogawanyika, unakata kushoto. Ukikata kulia unaingia kwenye mikorosho ya jirani.

"Na kiangazi? Minana wakishaondoka?"

"Kiangazi si nilikuwa naumwa miguu."

Nilitua majani. Kweli, kila kiangazi mama alikuwa anaumwa miguu. Nilikuwa namchua kwa mafuta ya nazi na kulalamika kwamba miguu yake ina akili, inaanza kuuma wakati wa kuokota korosho. Mvua zikianza, anapona. Na palizi alikuwa anachuchumaa, anang'oa magugu kwa mkono, anapapasa jani moja moja, nami nikidhani ni mgongo unaokataa jembe.

"Kwa nini hukusema?"

"Mngenichukua," akasema. Na kweli, tulikuwa tunamchukua.

Hapo sina budi kurudi nyuma kidogo. Mimi nimekulia kwenye dungu, kile kichanja cha miti kinachosimamishwa katikati ya shamba la mtama ili mtu akae juu na kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mazao. Enzi hizo Likunja yote ilikuwa mtama, mahindi na mihogo, na mtama ukianza kutoa masuke hakuna aliyelala. Mama alikuwa anapanda juu mapema na kushuka jua likizama. Alikuwa na kombeo, alikuwa na rundo la mabonge ya udongo, lakini silaha yake hasa ilikuwa mdomo. "Wezi nyie! Mmelima lini? Jembe lenu liko wapi?" Aliwatukana minana kwa namna yao, tetere kwa namna yao, na kwale, ambao hufukua mbegu kabla hata haijaota, aliwawekea matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mimi nilikaa chini ya dungu nikijifunza yote mawili, sauti za ndege na matusi. Lakini wakati wa kuvuna, mstari wa mwisho kabisa, ule unaopakana na pori, alikuwa hauvuni. Ukimuuliza anasema amechoka. Kila mwaka alichoka kwenye mstari uleule.

Halafu ufuta ukaja, watu wakaupenda, na mtama ukabaki kwa wazee, kisha hata wazee wakauacha. Ufuta hauamiwi. Dungu letu tulilivunja likawa kuni. Mikorosho ikaongezeka mpaka ikagusana toka kwetu mpaka Mandawa huko, na chini ya mikorosho sisi tunataka pawe peupe, korosho ikianguka uione. Anayeacha majani chini ya mikorosho yake anaitwa mvivu mbele ya watu. Zamani usafi huo ulikuwa wa jembe, na jembe huwa linabakiza hapa na pale, kwenye kona, kwenye kichuguu. Siku hizi ni dawa ya magugu, unabeba bomba mgongoni, na baada ya siku chache kila kilichokuwa kijani kimekuwa rangi ya ugoro. Mbegu za majani hakuna, wadudu hakuna, pa kujificha hakuna. Ndege hawakuondoka siku moja tukawaona wakiondoka. Mwaka huu wamepungua kidogo, mwaka ujao kidogo tena, na mtu anayepulizia dawa huku kajifunga kitambaa usoni hasikii pengo lolote. Mimi nilikuwa mmoja wa watu hao. Dawa nilikuwa naletewa na mdogo wangu toka dukani kwake, na bwana shamba alipopita aliwaita wenzangu waje waone shamba safi linavyokuwa. Nilivimba kichwa mwezi mzima.

Pori la baba nililifyeka mwenyewe. Hiyo ilikuwa mwaka mmoja kabla mama hajapotea. Lilikuwa limekaa bure, ndivyo nilivyoliona, vichaka na nyasi za kiuno, na mimi nilitaka mikorosho yangu mwenyewe, niliyoipanda kwa mkono wangu. Nilifyeka, nikachoma, nikapulizia yaliyochipua, nikapanda miche. Mwaka uleule wa kufyeka kwale walibaki wachache wakizungukazunguka pembeni, na mama alijikongoja nao. Mwaka uliofuata hawakulia. Minana nao hawakuja kwenye mkwaju, maana hata punje ya mtama haikuwepo kuanzia kwetu mpaka kijiji cha Matambarale. Siku ya kwanza ya palizi mama akatoka alfajiri kama kawaida yake, akafika mahali ambapo duniani hapakuwa na sauti, akachagua kulia.

"Mama," nikasema pale barazani, "pori la baba nililifyeka mimi."

"Nilisikia panga."

"Ulijua hao kwale wataondoka?"

"Nilijua."

"Ungenikataza! Shamba ni lako, ungesema neno moja tu ningeacha."

Mama alichukua bua jingine, akavua uzi mpaka mwisho, akalitia chunguni. "Ulikuwa unaimba," akasema. "Tangu umerudi na msiba wako sikuwahi kukusikia ukiimba. Nikasema mwache mwanangu afyeke."

Sikuweza kumaliza majani yale. Niliingia ndani nikalia na mlango wazi, na yeye akaendelea kuchambua.

Mdogo wangu alikuja siku aliyosema, na gari la kuazima. Mama alivaa khanga mpya. Hakulia, wala hakugeuza uso kuelekea shamba, maana kwake kugeuza uso hakukuwa na faida yoyote. Nyumba ilibaki na mimi na kuku.

Sijui kama nilikuwa na mpango. Naona nilikuwa na majuto tu, na majuto yalitaka kazi ya kufanya. Mvua zilipokaribia nilimpigia mdogo wangu, nikamwomba mbegu ya mtama.

"Mtama?" akacheka. "Dada, nani anauliza mtama siku hizi? Wewe ukipanda peke yako, ndege wote wa Ruangwa watahamia kwako."

"Ndicho ninachotaka."

Wiki iliyofuata akanitumia mbegu, na chupa ya dawa ya magugu hakuitia kwenye mzigo ingawa sikumwambia asiitie.

Nilipanda mteremko wote toka nyuma ya nyumba mpaka karibu na mkwaju. Upande ule sikupulizia tena, nikarudi kwenye jembe, na kingo nikaziacha ziote zinavyotaka. Kati ya miche yangu ya mikorosho, pale palipokuwa pori la baba, niliacha nyasi zipande. Watu walinipa pole. Wengine waliniuliza kama naumwa. Jirani yule mwenye mikorosho isiyo na jani chini alisimama mpakani akatikisa kichwa, akasema shamba lako lilivyokuwa zuri, limekuwaje? Nisidanganye, iliniuma. Mtu akishasifiwa usafi, uchafu wake unamwasha zaidi ya wengine.

Mwezi wa pili walikuja minana wawili wa kiume. Walifuma, wakabomoa, wakafuma tena, wanavyofanya wakati hawajapata majike ya kuwaamini. Nilikuwa naogopa hata kukohoa nikipita chini yao. Kufikia mwezi wa nne mkwaju ulikuwa umejaa viota na kelele, na mimi mtu mzima nilisimama chini ya mti, kinyesi cha ndege kinanidondokea kwenye kilemba, nacheka na machozi yananitoka. Kwale hawakurudi. Nilikwenda kila asubuhi kusikiliza kwenye nyasi zangu kati ya miche, nikarudi na umande tu. Pori la miaka mingi halirudi kwa msimu mmoja.

Mtama ukatoa masuke, na minana wakaanza kuula. Siku hiyo nilimpigia mama kumjulia hali, nimesimama palepale shambani. Nilikuwa bado sijamaliza shikamoo.

"Nini hiyo?" akasema.

"Nini, Mama?"

"Usinifanye mjinga. Hao ni minana, na ni wengi. Wanakula nini?"

"Mtama."

"Mtama wa nani?"

"Wangu. Nimepanda kidogo."

"Anaamia nani?"

"Hakuna mtu, Mama. Wanakula tu."

Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu dungu letu livunjwe. Hakuwa anaongea na mimi, alikuwa anamwita mdogo wangu. "Baba! Njoo hapa! Mtama wa dada yako unaliwa wote, wezi wamejaa shambani, na mie mmeniweka kwenye kochi nasikiliza taarifa ya habari! Nipeleke nyumbani!"

Mdogo wangu akaichukua simu, akasogea pembeni. "Dada, mama haoni."

"Kuamia kunataka macho gani? Mnana unamsikia kabla hujamwona. Kazi ile inataka masikio na mdomo, na wewe umeishi na mdomo huo mwaka mzima."

Akacheka kidogo, akaacha. "Na akipotea tena?"

Hapo ningeweza kudanganya, na ulimi ulikuwa tayari. "Mpaka kwenye mkwaju hapotei," nikasema. "Baada ya mkwaju, sijui."

Alimleta Jumamosi. Mama alishuka kwenye gari akasimama uani, akavuta pumzi, akaniuliza kwanza mtama umebaki kiasi gani.

Kesho yake aliswali alfajiri akatoka. Hakuniaga, na mimi sikumzuia. Nilivua ndala nikamfuata kwa mbali, miguu mitupu, ili asinisikie. Kwenye mpera shore alikuwa ameshaanza, na mama aligeuza kichwa kidogo, akashuka. Kelele za mkwaju zilipomfikia, mwendo wake ukabadilika. Alitembea kama mtu anayeona, minana kwenye bega la kulia, mkono mmoja hewani anawatukana, anawauliza jembe lao liko wapi. Nilikuwa nalia kwa furaha nyuma yake bila sauti.

Tukaupita mkwaju. Kelele zikabaki nyuma, zikafifia, na mbele pakawa kimya. Mama akapunguza mwendo, kisha akasimama. Alisimama muda mrefu kule kwenye ukimya, ameinamisha kichwa upande mmoja. Nilijua anasikiliza nini. Nilijua hakipo, na nilijua nani alikiondoa.

"Wewe uliye nyuma yangu," akasema bila kugeuka.

"Bee, Mama."

"Hapa bado hawajarudi."

"Bado, Mama."

Akanyoosha mkono wake pembeni, kiganja wazi, akangoja.

"Basi kipande hiki utanishika."

Nikamshika mkono, tukakata kushoto.